Mikono inawasha, kifua kinabana: maswali ya mafundi wa Lubumbashi

*Nimechanganya simenti miaka mingi bila shida. Sasa vidole vinawasha na kupasuka. Simenti ni ileile, imekuwaje? (Fundi mwashi, Katuba)*

Ndivyo mzio unavyokuja, fundi. Simenti ina kromu (aina ya metali) kidogo inayoyeyuka majini. Simenti mbichi yenyewe ni kali (pH 12 hadi 13), inachubua ngozi, na kromu inapenya hapo polepole mpaka mwili unaikataa. Ukishaikataa, mzio huo kwa kawaida ni wa maisha: baadaye hata kiasi kidogo kinaamsha mwasho, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kugusa. Ndiyo maana wengi wanalaumu sabuni ya jana.

Ulaya, tangu 2005, kromu hiyo haitakiwi kuzidi miligramu 2 kwa kilo ya simenti. Viwanda huongeza sulfati ya chuma ili kuipunguza nguvu, lakini kinga hiyo hufifia mfuko ukikaa sana au ukipata unyevu. Usinunue mfuko wa zamani, hata kwa bei nzuri.

Vaa glavu za nitrili (aina ya mpira) zenye pamba ndani, zipite kifundo cha mkono. Simenti ikiingia ndani, vua mara moja, maana ikinaswa humo inaunguza kuliko mkono mtupu. Glavu za ngozi ziache kabisa: nyingi zimesindikwa kwa kromu pia. Nawa kwa maji safi, si kwenye ndoo ya kuoshea mwiko. Suruali iliyolowa magotini ibadilishe palepale.

*Mume wangu anasaga madini ya kobalti Likasi. Usiku anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Akiwa mapumziko nyumbani anapata nafuu. Ni kifua kikuu? (Mama, Ruashi)*

Apime makohozi, mama, hilo lisisubiri. Lakini kifua kikuu hakipungui kwa sababu mtu yuko likizo. Nafuu ya mapumziko inaelekeza kwenye pumu ya kazini, na vumbi la kobalti linajulikana kuileta. Aombe kifaa cha kupima nguvu ya pumzi: apulize mara 4 kwa siku, wiki 2 au zaidi zenye siku za kazi na za mapumziko, aandike kila namba na saa. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi mbele ya daktari na CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), ambayo inahusika na magonjwa ya kazi.

Dawa ya kuvuta itamtuliza, ila haitoshi akibaki vumbini. Anayeondolewa mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Anayevumilia anaweza kubaki na pumu hata baada ya kuacha kazi. Kitambaa puani hakizuii vumbi laini. Na nguo za kazi zisifike nyumbani.

*Nikichomelea mabati, usiku napata homa na baridi. Ni mzio? (Kampemba)*

Hapana. Ni moshi wa zinki, metali iliyopakwa juu ya bati. Homa huisha kwa siku moja au mbili. Kwangua zinki mahali pa kuchomelea, fanyia kazi penye hewa. Chuma kisichoshika kutu ni hatari zaidi: moshi wake una kromu na nikeli.

*Nitajuaje ni metali gani inayonidhuru ngozi?*

Kipimo cha damu cha kawaida hakitakuambia. Daktari wa ngozi hubandika mgongoni nikeli, kobalti na kromu, vinakaa saa 48, kisha anasoma alama vikitolewa na tena siku ya nne. Usioge mgongo siku hizo, wala usipake krimu ya steroidi hapo wiki ya kabla. Usikose usomaji wa pili: mzio wa metali mara nyingi huchelewa kujitokeza.