Mama wa Moshi aliyeachika hafiki dukani sehemu ya tatu

Mkuu, unauliza kwa nini wasomaji wa skripti yako hawamwamini mama anayepewa talaka sehemu ya kwanza, na sehemu ya tatu ana duka la vitenge mjini Moshi. Umeruka palepale penye tamthilia.

Mahakamani umemfikisha upesi mno. Kwa kawaida Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapite kwanza baraza la usuluhishi, na hati ya baraza isiwe imezidi miezi 6 siku ya kufungua shauri. Akichelewa, anarudi benchi lilelile kuulizwa ya chumbani mbele ya wazee. Onyesho hilo umepewa bure.

Mali ndiyo yenye nyama. Hakimu wako anagawa nusu kwa nusu kama keki. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinapima mchango wa kila mmoja. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe rufaa ilimshinda, maana mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mume alizitapanya. Mimi ningeandika tamthilia nzima hapo.) Sasa iweke nyumba yao ndani ya kihamba, yaani shamba la urithi la Wachagga, cha ukoo wa mume, Marangu. Ardhi ya ukoo mama huyu hapati, lakini nguvu yake imo ukutani, na lazima aithibitishe. Mwonyeshe usiku anapekua begi la vyeti vya kliniki akitafuta risiti za saruji na mabati. Nusu zimeandikwa jina la mume, ingawa pesa ilitoka kwenye ndizi zake.

Mtaji atoe kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, usimletee mchumba mwenye Prado. Vikundi vingi hukopesha hadi mara 3 ya hisa: mwenye 100,000 anapata 300,000. Hiyo ni meza ya mitumba soko la Memorial, na marejesho hayangoji mvua iishe. Anahitaji wadhamini pia. Mmoja awe wifi yake wa zamani, bado wamo kikundi kimoja.

Halafu Desemba, Wachagga wote wanapanda nyumbani. Yeye anapanda wapi? Mpandishe Coaster ya Rombo kwa baba yake. Chumba chake cha usichana kaka amekijaza magunia ya mahindi. Asilie, na muziki zima. Ahamishe magunia, moja baada ya jingine, mke wa kaka akitazama kutoka jikoni.