Kibali Hakikufutwa: Kwa Wageni wa Dawati la Kimataifa

Jana jioni nimefuta tena kichwa cha habari: "Mahakama Kuu ya Marekani yabariki marufuku ya bunduki." Aliyekiandika ni mdogo wangu wa zamu, ninampenda, lakini makosa matatu ndani ya maneno manane! Haya, vuteni viti.

1. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, Mahakama Kuu ina Mahakama ya Rufani juu yake. Kwa wa Nairobi ziko mbili juu yake. Ile ya Washington yenye majaji tisa iiteni Mahakama ya Juu. Nimechoka kuirekebisha.

2. Kukataa kusikiliza kesi si kubariki. Juni 2025 waliopinga marufuku ya jimbo la Maryland dhidi ya bunduki za aina ya AR-15 walibisha hodi. Kesi hupokelewa majaji wanne wakitaka, walipatikana watatu. Jaji Brett Kavanaugh hakuwa wa nne, ila aliandika kwamba anatarajia Mahakama italichukua suala hilo katika muhula mmoja au miwili ijayo. Marufuku ikabaki, na Mahakama haikusema ni halali wala haramu. Mtu anayeandika "yabariki" hapo amesoma mstari wa kwanza wa shirika la habari, akaenda kunywa chai.

3. Na "bunduki" zipi? Bastola ni bastola. Kesi ya Heller ya mwaka 2008, kura 5 kwa 4, ilihusu bastola ya kujilinda ndani ya nyumba, tena katika mji mkuu. Na AR-15 anayouziwa raia hutoa risasi moja kila kidole kikivuta. Si rashasha.

4. Sasa langu. Tarehe 23 Juni 2022, yapata saa kumi na moja na nusu jioni kwetu, uamuzi wa kesi ya Bruen ukatoka. Taarifa ya saa kumi na mbili ilikuwa mikononi mwangu, mtangazaji ameshavaa vipokea sauti. Nikaandika: "Wamarekani sasa ruksa kubeba bunduki hadharani bila kibali." Nilijiona bingwa. Niliipenda hata ile "ruksa".

Mahakama haikufuta kibali. Sheria ya New York, yenye umri wa zaidi ya miaka 100, ilimtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu ya kuhitaji kutembea na bastola. Kuogopa mtaa wako hakukutosha. Kwa kura 6 kwa 3, uamuzi ukiandikwa na Jaji Clarence Thomas, Mahakama iliondoa sharti hilo, na majimbo machache yenye masharti ya namna hiyo yakaguswa pia. Kavanaugh akaongeza maelezo mafupi, kwa lugha ya mtoto wa shule, kwamba majimbo bado yanaweza kudai kibali, alama za vidole na mafunzo. Yalikuwa mbele yangu. Sikuyafungua.

Saa mbili usiku ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Buffalo, kwa msikilizaji Mkongomani anayefanya kazi ya usiku. Ni mji uleule ambako watu 10 walikuwa wameuawa dukani mwezi Mei. Sauti imejaa matumaini: "Kaka, njo kusema sasa naweza kubeba bila makaratasi?"

Mikono ikaniganda. Mgeni akikutwa na bastola bila kibali New York anaweza kufungwa, kisha kurudishwa alikotoka, kwa sababu ya sentensi yangu ya dakika tatu. Nilimjibu: usibebe, nimekosea mimi. Nikarudia mara nne, kisha nikampigia. Mhariri wa zamu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliandika masahihisho, akayasukuma mezani: "Utayasoma mwenyewe." Niliyasoma saa tatu. Rudieni kanda mkitaka kucheka; nilijikwaa kwenye neno "kibali".

5. Kura za maoni: tafuteni swali lililoulizwa. Mwaka 1959 shirika la kura za maoni la Gallup lilikuta asilimia 60 wanataka bastola zipigwe marufuku kwa raia. Siku hizi ni kama mmoja kati ya watano. Lakini waulizeni kuhusu kuchunguza rekodi ya kila mnunuzi, zaidi ya asilimia 80 watasema ndiyo. Ndipo kijana ananiuliza, "Mbona haipiti, bosi?" Aprili 2013, miezi minne baada ya watoto 20 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Seneti ilipiga kura 54 kuunga mkono kupanua uchunguzi huo. Zilihitajika 60. Nami usiku ule niliandika "Seneti yapitisha", maana 54 ni nyingi kuliko 46. Nilikuwa na wiki ya tatu kazini, basi acheni.

6. Si kila kesi ya silaha ni ya Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Ile ya Juni 2024 kuhusu kifaa cha kuharakisha risasi ilibishania maana ya "bunduki ya rashasha" katika sheria ya kawaida.

7. Mwezi huohuo, katika kesi ya Rahimi, majaji 8 kwa 1 walikubali kumnyang'anya silaha mtu aliyewekewa zuio la mahakama kwa kutishia mwenzi wake. Aliyepinga peke yake ni Thomas, yuleyule wa Bruen. Rafiki yangu wa Buffalo alituma ujumbe kabla sijakaa: "Leo wamesemaje?" Nikamwambia asubiri, bado nasoma.