Kusoma nje kuna maana kweli?

SWALI: Dada, natamani kusoma digrii nje ila wazazi wanasema chuo ni chuo tu. Wako sahihi?

JIBU: Inategemea unasoma nini mdogo wangu. Kama fani yako inataka maabara na mashine ambazo nyumbani hakuna, nenda, maana kule utazishika kwa mikono yako sio kuziona kwenye slaidi tu. Ada nayo watu wanaiogopa mno, vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi hata wageni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa semista, na ukifika masta kuna skolashipu za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, unasoma nchi 2 au zaidi. Ila kama unafuata jina la nchi tu, subiri kwanza. Kaa na wazazi msome silabasi, na muulizie kama cheti kitatambulika ukirudi.