Nililipwa nikisoma, lakini daftari ndilo lililonivusha

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana aliyemaliza kidato cha nne apelekwe chuoni akalipiwe karo, au aende atakakojifunza kazi huku akilipwa? Mimi nilipita njia ya pili. Septemba 2025 nilimaliza miaka 3 ya uanagenzi wa uuguzi Ujerumani, ule wenyewe wanaouita Ausbildung, na sasa ni muuguzi mwenye cheti cha serikali. Karo sikulipa hata senti. Basi jibu langu ni alipwe, ila aambiwe mapema kwamba anayemlipa anataka kazi yake leo.

Mkataba wa mwaka wa kwanza ulisema yuro 1,190 kwa mwezi. Nilizigeuza shilingi kichwani, nikampigia mama Likoni, tukacheka. Hati ya malipo ilipokuja, bima ya afya, pensheni na bima nyinginezo zilikuwa zimemega kama sehemu ya tano, na kodi ya chumba ilikuwa bado. Mwaka wa tatu malipo yalishapita yuro 1,500 kwa mwezi, nikapumua.

Mafunzo yamewekwa kisheria: saa 2,100 darasani, saa 2,500 kazini, na unazungushwa hospitali, makao ya wazee, majumbani kwa wagonjwa, kwa watoto, hadi kwa wagonjwa wa akili. Katika saa hizo za kazini, angalau asilimia 10 mkufunzi awe kando yako akikuonyesha na kukusahihisha. Hapo ndipo penye vita. Wadi ikipungukiwa na watu, mwanagenzi ndiye kiraka. Pale nilipoanzia, wiki 6 nilitandika vitanda, nikaogesha wazee, nikagawa chai. Mkufunzi nilimwona mara moja tu. Nilinyamaza. Kwetu mdogo hadai, nami nilidhani hiyo ndiyo adabu.

Binti mmoja wa Kivietinamu tuliyesoma naye ndiye aliyenizindua. Aliniambia lile daftari la mafunzo, nililokuwa nikilijaza mbiombio jioni ya mwisho wa mwezi, ndilo ushahidi wangu. Nikaanza kuandika tarehe, saa, nimefundishwa nini na nani. Siku nisiyofundishwa naiacha tupu. Mwalimu wa shule alipokuta kurasa nyeupe zimefuatana, alipiga simu wadini mwenyewe. Tangu hapo kila Jumatano nilikuwa na mkufunzi.

Lugha nayo ilinitesa kuliko kazi. Nilifika na cheti cha Kijerumani cha B2, yaani kiwango cha juu ya kati, lakini makabidhiano ya zamu saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiongea lahaja yao na vifupisho, hayakuwamo katika mtihani wowote niliofanya. Aliyeniokoa ni mgonjwa mmoja, mzee wa miaka 91: nilipomvalisha soksi za kubana, hainui mguu mpaka nitamke jina la kila kitu sawasawa. Asubuhi nyingine tulichukua nusu saa kwa soksi mbili.

Na tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi, Septemba 2024, simu yangu haipoi: watu wanauliza nafasi zinauzwaje. Haziuzwi. Mimi nilimpa wakala shilingi 180,000, kisha nikagundua hospitali iliyonichukua ilikuwa imetangaza nafasi hizo wazi kwenye tovuti yake, bila ada. Pesa zile ningezilipia masomo ya Kijerumani.