Mifupa ya zamani, mate ya ndugu

SWALI: Polisi wana mifupa ya mtu aliyeuawa miaka mingi nyuma; tunahofia ni kaka yetu. Wazazi hatunao tena. Mate yangu yatatosha kupimwa vinasaba (DNA) tujue kama ni yeye? – Dada mtu, Temeke

JIBU: Pole, dada. Kama ni tumbo moja, yanafaa kuanzia: kuna vinasaba vinavyorithiwa kwa mama tu, na hivyo mnavyo sawa. Ila hata mtoto wa mama mdogo anavyo, kwa hiyo peke yake havimalizi kazi. Waombe na watoto wa kaka watoe mate, kama wapo. Kila mmoja ana nusu ya vinasaba vya baba yake.

Pamba ya kuchukulia mate ikishasuguliwa ndani ya shavu hukaushwa, ikatiwa bahasha ya karatasi. Kwenye nailoni, kwa joto hili la Dar, huota ukungu. Upande wa mifupa, ombeni lipatikane gego lisilotoboka. Gamba lake gumu hulinda vinasaba vilivyomo.