Waya wa spika jitengenezee tu, kaka

Kaka wa Nyegezi, umeuliza kama waya wa umeme wa nyumba, ule wa milimita za mraba 1.5, unafaa kwa spika za omu 8 zilizo mita 5 kutoka kwenye amplifaya. Unafaa kabisa. Kwenda na kurudi ni mita 10 za shaba, upinzani wake kama omu 0.12, sikio halitagundua kitu. Chukua wenye nyuzi nyingi nyembamba, maana wa uti mmoja hukatika ukiukunjakunja. Ukifika Makoroboi, pale Mwanza mjini, kununua, kwangua ncha kwa kisu: ndani ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, achana nayo.

Waya wa kutoka deki kwenda amplifaya ndio wa kuhangaikia. Lazima uwe na wavu wa shaba unaouzunguka waya wa katikati, la sivyo utanasa mngurumo wa umeme wa hezi 50. Lehemu wavu kwenye ganda la pini, wa katikati kwenye ncha, kisha pima kwa multimita kuhakikisha havigusani.

Na huo waya wa madini ya fedha uliouona mtandaoni? Hela hiyo kalie sato.

Na weka alama upande wa chanya. Spika moja ikigeuzwa chanya na hasi, besi inapwaya.