Maswali na Majibu: Kabla ya Kulaumu Homoni

Nina miaka 48, naendesha lori kati ya Namanga na Moshi. Nachoka mapema, kitambi kimeongezeka na hamu ya tendo la ndoa imepungua. Je, testosteroni, yaani homoni ya kiume, imeshuka?

Huenda, ila uchovu peke yake haunishawishi, kwa kuwa huletwa pia na usingizi mbovu, upungufu wa damu, sukari na mawazo. Dalili ninazoziuliza kwanza ni tatu: hamu iliyofifia kwa miezi, uume kutosimama alfajiri kama ilivyokuwa kawaida yako, na kushindwa wakati wa tendo. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79, ulitaka dalili hizo tatu zikutane na kipimo cha damu kilicho chini, na waliotimiza sharti hilo walikuwa takribani 2 katika kila 100. Dalili nyingine huja polepole: misuli kulegea, matiti kujaa, ndevu kupungua. Mgonjwa wangu mmoja aligunduliwa na mkewe, aliyeona kwamba wembe uliokuwa ukiisha kwa wiki sasa unamaliza mwezi.

Kuhusu kitambi, mafuta ya mwilini hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na unene hupunguza pia amri ambayo ubongo huituma kwenye korodani. Kwa hiyo anza na sukari, presha na kiuno, na umwambie daktari kama unakoroma hadi pumzi inakatika, au kama unameza tramadoli, dawa kali ya maumivu, ili kuhimili safari, kwani dawa za jamii hiyo hushusha homoni. Usidharau pia uume kushindwa kusimama: mishipa yake ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo mara nyingi huonyesha tatizo mapema.

Nilipimwa saa kumi jioni nikaambiwa homoni iko chini. Nianze sindano?

Hapana. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo urudie kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi kabla ya kula, kisha upime tena asubuhi nyingine. Maabara isiyokuuliza hata saa ya kuamka imekula pesa yako.

Kuna unga wa mitishamba unauzwa stendi ya Moshi. Unapandisha homoni?

Nimeulizwa hili mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulijibu usingizini. Sijui kilichomo ndani ya kikopo hicho, na muuzaji naye hajui. Katika nchi nyingi, wakaguzi wamekuta dawa za aina hii zimechanganywa na sildenafili, ambayo husaidia uume kusimama bila kuongeza testosteroni hata chembe, na ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kuangusha presha hadi kuua. Anayekuuzia hakuulizi kama unatumia dawa ya moyo.

Je, wanaume nao hukoma kama wanawake?

La. Kwa mwanamke ovari huacha kazi, kwa mwanaume homoni hupungua taratibu, takribani asilimia 1 kwa mwaka baada ya miaka 30 na kitu, na wengi huzeeka bila kuhisi lolote.

Nina miaka 39. Rafiki yangu wa mazoezi hapa Arusha alinichoma testosteroni kwa miezi minane. Misuli imekuja, lakini tunatafuta mtoto na hatupati.

Sindano hizo ndizo zinazokuzuia. Ubongo ukiona homoni tele kwenye damu huacha kuziamuru korodani, nazo husinyaa na kuacha kutengeneza mbegu. Kwa wengi mbegu hurudi miezi kadhaa baada ya kuacha, kwa baadhi huchukua zaidi ya mwaka. Usizikate sindano kimyakimya, maana utaanguka katika uchovu na huzuni usivyotarajia. Muone daktari wa mfumo wa mkojo au wa homoni, upimwe mbegu, na upimwe damu pia, kwa sababu testosteroni huifanya nzito. Rafiki yako naye mlete, na asiniambie kuwa yeye hana shida, kwa sababu hajapimwa.